Kutunga na Kuunga: Namna ya Kupanga Muziki wa Okestra wa Sinema kwa Utulivu

Muziki wa sinema ni muziki uliozaliwa utumishini. Bwana wake ni picha. Picha ikikimbia, muziki hukimbia. Picha ikiogopesha, muziki hutangulia kuogopesha. Na mchezaji akifungua mlango polepole gizani, ala hushika pumzi pamoja naye. Walakini tangu zilipoenea santuri, na zaidi katika siku hizi ambapo maelfu ya vipande huweza kuhifadhiwa katika chombo cha kutiwa mfukoni, watu wengi wameutoa muziki huo utumishini, wakaupanga mfululizo, wakausikiliza jioni bila picha yo yote ili kupumzisha moyo.

Kazi hiyo huonekana nyepesi, kana kwamba inatosha kuchukua nyimbo kumi zinazopendeza na kuziweka moja baada ya nyingine. Atendaye hivyo hugundua upesi kwamba msikilizaji wake hatulii. Dakika tatu hukaa kimya, na ya nne akashtushwa na tarumbeta. Au hukumbuka kifo alichokiona katika sinema, akatoa machozi badala ya kupumzika. Basi yafaa kueleza kazi yenyewe ni ipi, inaendeshwaje, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayoifaa, kwa sababu katika jambo hili maneno yakieleweka vizuri, nusu ya kazi imekwisha tendeka.

MANENO YA KAZI

Neno la kwanza la kuangaliwa ni kuchanganya. Wasemaji wengi husema kwamba fulani amechanganya muziki, na neno hilo limekubalika katika kumbi za dansi na katika studio. Lakini kuchanganya kwa asili ni kutia kitu pamoja na kitu mpaka viwe kimoja, kama mchele na chooko katika mseto. Katika kazi ya sauti maana hiyo ni barabara pale ambapo fundi wa studio huzijumlisha sauti za fidla, za pembe na za vinubi, zilizonaswa kila moja mbali, akazifanya sauti moja. Huyo achanganya kweli. Anayepanga vipande vilivyokwisha kamilika hachanganyi kwa maana hiyo. Kila kipande hubaki na mwanzo wake na mwisho wake, isipokuwa kwa sekunde chache tu za maungio.

Neno la pili ni kuunga. Seremala huunga mbao, na mpishi huunga mchuzi kwa nazi. Katika matumizi yote mawili kuna fikira kwamba vitu viwili vimekutanishwa bila kuonyesha kovu. Neno hili lafaa sana kwa mahali kipande kimoja kinapopokea kingine.

Neno la tatu, nalo ni la thamani kuliko yote, ni kutunga. Mtu hutunga utenzi, na mtu hutunga shanga. Mwanamke atungaye maua ya asumini haumbi ua hata moja. Yeye huchagua, hupanga, hupitisha uzi, na mwisho wa kazi kipo kitu kipya ambacho hakikuwapo kabla. Mtungaji wa muziki hutunga kwa maana ya kwanza, na mpangaji wa mfululizo hutunga kwa maana ya pili. Kiswahili kimekwisha kuziweka kazi hizo mbili chini ya paa moja, na jambo hilo lafundisha heshima na kiasi: mpangaji asijidai kuwa mwumba wa shanga, wala asidharauliwe kama mtu asiyefanya neno.

Majina ya ala pia hayakosekani. Vyama vya taarab vya Unguja, vilivyoanza na kama Ikhwani Safaa mwaka 1905, baadaye vilipanua safu za fidla zao kwa kufuata okestra za Misri, ambazo watu walizisikia katika santuri na redio, na kuziona katika sinema za Kimisri. Kwa njia hiyo msemaji wa Kiswahili amezoea kuitaja fidla, selo na besi pasipo kuazima upya. Kinubi ni neno la zamani. Tarumbeta na matoazi kadhalika. Obo ya Ulaya ni jamaa ya zumari, kwa kuwa sauti ya kila moja hutoka katika ulimi wa tete unaotetemeka mdomoni mwa mpigaji, ijapokuwa zumari hupaza sauti ya uwanjani na obo huweza kunong'ona.

Hata hivyo yapasa kuonya jambo moja. Neno taarab latoka katika Kiarabu, na asili yake ni msisimko wa nafsi uletwao na muziki. Msisimko si utulivu. Muziki mzuri kupita kiasi huweza kumwinua mtu kitini, na huyo hakupumzika. Anayepanga kwa ajili ya utulivu hana budi kuacha nje vipande vingi ambavyo ni bora kwa sababu ile ile ya ubora wao.

ASILI YA MUZIKI HUU

Mwaka 1908 Camille Saint-Saëns, mtungaji mashuhuri wa Ufaransa, alitunga muziki maalumu kwa sinema fupi ya Kifaransa juu ya kuuawa kwa Mtawala wa Guise. Sinema za wakati ule zilikuwa hazina sauti, na muziki ulipigwa na watu waliokaa ukumbini. Sauti ilipounganishwa na filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo wa filamu uliwekwa kuwa picha 24 kwa kila sekunde. Mwaka 1933 Max Steiner, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani, alitunga muziki wa King Kong, na tangu hapo ikadhihirika jinsi okestra iwezavyo kuongoza hofu na huruma ya watazamaji kutoka mwanzo wa hadithi hata mwisho.

Hesabu ya picha 24 ni ufunguo wa jambo zima. Picha 24 kwa sekunde ni picha 1,440 kwa dakika. Muziki wenye mapigo 60 kwa dakika huwa na picha 24 kwa kila pigo, na wenye mapigo 72 huwa na picha 20. Mtungaji wa sinema hutunga akiwa na hesabu ya namna hii mbele yake, ili fidla zipande mara barua inapofunguliwa, na ngoma ilie mara mlango unapovunjwa. Maana yake ni kwamba umbo la kipande halikuamuliwa na muziki peke yake. Kipande kinaweza kuanza kwa upole kama maji ya kisima, kikageuka ghafula katika sekunde ya 50, kwa sababu tu ndipo adui alipotokea katika picha. Msikilizaji asiyeiona picha haoni sababu ya mgeuko huo. Yeye hupata mshtuko mtupu.

Hivyo kanuni ya kwanza ya mpangaji ni kusikiliza kila kipande mpaka mwisho kabisa, tena kwa makini, kabla ya kukikubali. Kichwa cha kipande hakitoshi, wala nusu dakika ya kwanza haitoshi. Mara nyingi santuri ya muziki wa sinema huwa na sura mbili za wazo lile lile: moja iliyokatwa kufuata picha, na moja iliyopanuliwa ili isikilizwe peke yake. Hiyo ya pili ndiyo ifaayo zaidi, kwa kuwa mtungaji mwenyewe amekwisha kuifungua kutoka katika utumishi.

KINACHOTULIZA

Watu wengi hudhani kwamba aina ya ala ndiyo inayotuliza: fidla ni laini, ngoma ni kali. Dhana hiyo haisimami. Mwaka 1960 Bernard Herrmann alitunga muziki wa Psycho kwa ala za nyuzi peke yake, bila tarumbeta na bila ngoma, na katika tukio la mauaji bafuni fidla zile zilitoa milio mikali ambayo watazamaji hawaisahau. Ala ni zile zile zinazobembeleza katika sinema nyingine. Tofauti iko katika namna zinavyopigwa: jinsi sauti inavyoanza, mahali inapokaa kati ya unene na wembamba, na mwendo wake.

Juu ya mwendo upo ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2006 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la tiba liitwalo Heart matokeo ya uchunguzi wa watu 24, nusu yao wanamuziki na nusu wasio wanamuziki. Waliwasikilizisha muziki wa aina sita wakapima pumzi, mapigo ya moyo na nguvu ya damu. Muziki wa mwendo wa haraka uliongeza vyote hivyo, na mwendo ulikuwa na athari kubwa kuliko mtindo wa muziki wenyewe. Lakini jambo lililostaajabisha zaidi lilikuwa kimya. Wachunguzi walikuwa wameingiza kituo cha dakika mbili kisichokuwa na muziki, na katika kituo hicho miili ya wasikilizaji ilitulia kupita hata ilivyokuwa kabla ya muziki kuanza.

Fundisho ni wazi. Kwanza, vipande vyenye mapigo kati ya 50 na 80 kwa dakika vyafaa kuliko vyenye 120. Pili, utulivu hauko katika sauti peke yake, bali pia katika kukoma kwake. Mfululizo usio na nafasi ya kimya ni kama mazungumzo ya mtu asiyemeza mate. Hata maneno yake yakiwa matamu, humchosha asikiaye.

UCHAGUZI NA KUMBUKUMBU

Ugumu mkubwa wa muziki wa sinema hauko katika mwendo wala katika ala. Uko katika kumbukumbu. Muziki huu huja na hadithi mgongoni, na msikilizaji anayeijua hadithi hawezi kuambiwa aisahau.

Chukua mfano wa muziki wa John Williams katika Schindler's List ya mwaka 1993, ambamo fidla ilipigwa na Itzhak Perlman. Kwa mwendo na kwa upole wa sauti, wimbo wake mkuu hutimiza masharti yote yaliyotajwa juu, na kwa sababu hiyo huweza kuingizwa katika mifululizo ya kupumzikia bila fikira. Lakini sinema hiyo yasimulia maangamizi ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kuuweka wimbo ule kama mto wa kulazia kichwa ni kuuvunjia heshima, na anayeijua hadithi hatalala juu yake. Adagio ya nyuzi ya Samuel Barber nayo ilisikika mara ya kwanza katika sura yake ya okestra mwaka 1938, haikutungwa kwa sinema. Lakini ilipotumiwa katika Platoon ya mwaka 1986, sinema ya vita vya Vietnam, ilijitwika maiti ambazo hapo kwanza haikuwa nazo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotoa msaada mwingine. Kutuliza ni jambo moja, kuburudisha ni la pili, na kuliwaza ni la tatu. Anayeburudishwa hupata furaha nyepesi, kama mtu aliyepigwa na upepo wa bahari. Anayetulizwa alikuwa na ghasia, nayo imeshuka. Anayeliwazwa ana huzuni, na huzuni yake haikuondolewa, imepata mwenzi. Wimbo wa Schindler's List ni wa kuliwaza. Una mahali pake palipo halali, mathalani kwa mtu aliyefiwa, katika mfululizo uliotungwa kwa nia hiyo. Kosa ni kuvichanganya vitenzi hivi vitatu na kuviita vyote kupumzika.

Tena kumbukumbu si moja kwa watu wote. Muziki wa John Barry katika Out of Africa ya mwaka 1985, sinema iliyopigwa nchini Kenya, ulipata tuzo ya Oscar, na fidla zake pana zinazotembea bila haraka, zikiegemezwa na pembe, ni kielelezo cha muziki wa kutuliza. Kwa mtazamaji wa London muziki huo ni tambarare, jua na ndege angani. Kwa mtu wa Kenya aliyesimuliwa na babu yake habari za mashamba ya walowezi, nyanda zile zina wenyewe, na muziki ule ule huweza kumfungulia mlango wa fikira nyingine: Karen Blixen, ambaye habari zake ndizo zilizotolewa katika sinema hiyo, alikaa Kenya tangu 1914 hata 1931, akiwa na shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong. Mpangaji mwangalifu huuliza kwanza anampangia nani. Hapana mfululizo wa kutuliza watu wote, kama vile hapana tandiko moja la kila mgongo.

UTARATIBU WA VIPANDE

Vipande vikiisha kuchaguliwa, huja swali la utaratibu. Kosa la kawaida ni kuanza na kipande kilicho kimya kuliko vyote. Msikilizaji atokaye kazini bado ana mwendo wa barabarani ndani yake. Akikutana na kimya kitupu, fikira zake huendelea kupiga kelele. Yafaa kuanza karibu na mahali alipo, kwa kipande chenye upana na joto, kisha kumshusha ngazi kwa ngazi. Kama kipande cha kwanza kina mapigo 80, cha pili kiwe na 74 au 72, na kuendelea hivyo mpaka 55 au 50. Kadhalika idadi ya ala: kutoka okestra nzima, mpaka nyuzi na ala moja ya pumzi, mpaka piano au kinubi peke yake.

Jambo la pili ni ngazi ya sauti ambayo kipande kimejengwa juu yake. Ngazi kubwa ya C na ngazi kubwa ya G zina sauti saba kila moja, na katika hizo sita ni za shirika. Mtu akitoka katika moja kwenda nyingine hahisi mlango. Lakini kutoka C kwenda F iliyopandishwa nusu, sauti za shirika ni mbili tu, na sikio huhisi kwamba limehamishwa nyumba. Uhamisho wa namna hiyo haukatazwi, lakini ustahili kutanguliwa na kimya cha sekunde nne au tano, ili sauti ya kwanza ifutike kabla ya pili kuingia.

MAUNGIO NA UKUBWA WA SAUTI

Kuunga vipande viwili kwa kupishanisha, yaani kimoja kikizama huku kingine kikiibuka, kuna hesabu yake. Ikiwa kila kimoja kimeshushwa hata nusu ya kimo chake wakati wa kukutana, sikio litasikia bonde katikati, kwa kuwa nguvu za sauti mbili zisizohusiana hujumlishwa kwa namna isiyofikia kimo cha awali. Upungufu huo ni kama desibeli tatu. Dawa yake ni kila kimoja kubaki na kadiri ya asilimia 71 ya kimo chake mahali pa kukutana. Hapo bonde hutoweka, na msikilizaji hawezi kusema ni wapi uzi ulipofungwa.

Walakini muziki wa okestra hauvumilii kupishana kwingi. Katika muziki wa dansi mapigo ni sawa na huweza kulazwa juu ya mapigo. Katika okestra kiongozi huupunguza mwendo mwishoni mwa sentensi kama mtu apumuapo, na sauti ya ukumbi huendelea kuning'inia baada ya ala kunyamaza. Mwisho huo ni sehemu ya utungo. Kuukata ili kipande kifuatacho kiingie mapema ni kumkatiza mtu neno lake la mwisho. Kwa hiyo kupishanisha kutumiwe mahali pachache, na penginepo kipande kiachwe kife kwa amani yake.

Ukubwa wa sauti nao wataka busara. Vipande vilivyonaswa katika miaka mbalimbali havilingani, na msikilizaji anayelazimika kuinuka kupunguza sauti amekwisha poteza mapumziko yake. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulipotoa pendekezo lake la R 128 mwaka 2010, ulihimiza watu wasipime vilele vya sauti tu, bali ukubwa wake kama sikio liusikiavyo kwa muda wote wa kipindi. Kipimo cha namna hiyo chafaa hata kwa mpangaji wa nyumbani. Lakini asilinganishe vipande mpaka piano ya mwisho iwe na ukubwa wa okestra ya kwanza, kwani hapo ataivunja ngazi aliyoijenga kwa mkono wake.

Tena mfululizo wa utulivu husikilizwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikipungua, sikio hupoteza sauti nene na nyembamba sana kabla ya zile za kati. Besi iliyoonekana nzito wakati wa kupanga huweza kutoweka kabisa usiku. Kwa hiyo mpangaji asikilize kazi yake kwa kimo kile kile ambacho msikilizaji atakitumia.

MFANO MMOJA

Ili mambo haya yashikike, yafaa kutoa mfano wa mfululizo wa vipande vitano. Ufunguzi uwe wimbo mkuu wa Out of Africa wa John Barry, kwa upana wake. Ufuate wimbo mkuu wa Rachel Portman katika The Cider House Rules ya mwaka 1999, ambao una mwendo mwanana na huzuni ndogo isiyolemea. Tatu, kipande cha obo cha Ennio Morricone katika The Mission ya mwaka 1986. Hapa okestra yarudi nyuma na sauti moja yasimama mbele, kama msemaji mmoja aliyebaki barazani baada ya wageni kuondoka. Baada yake paachwe kimya kirefu kuliko penginepo. Nne, wimbo wa mapenzi wa Cinema Paradiso ya mwaka 1988, uliotungwa na Andrea Morricone, mwana wa Ennio. Mwisho, piano ya Jean-Yves Thibaudet katika muziki wa Dario Marianelli kwa Pride & Prejudice ya mwaka 2005, ichaguliwe sehemu iliyo tulivu kuliko zote.

Mtu aliyeiona The Mission atajua kwamba padri yule apigaye obo msituni, na watu wa Guarani wanaomsikiliza, mwisho wao ni mchungu. Mpangaji akijua kwamba msikilizaji wake aliiona na ilimwumiza, basi akitoe kipande hicho hata kama ndicho kizuri kupita vyote, aweke kingine. Hivyo ndivyo atungaye shanga afanyavyo: ushanga mzuri usiofaa uzi huu hurudishwa chomboni, ukangoja uzi wake.

Yabaki kusema kwamba majina ya watungaji yaandikwe pamoja na mfululizo, kila kipande kwa jina la mwenyewe na la sinema yake. Haki ya kupiga kazi hizo mbele ya hadhara ina wenyewe, na kuomba ruhusa ni sehemu ya adabu kama ilivyo sehemu ya sheria. Zaidi ya hayo, jina la sinema humwonya msikilizaji. Akilisoma atajua kama kipande kile kitamtuliza, kitamburudisha, au kitamliwaza. Na akijua, ataweza kuchagua mwenyewe lini akisikilize na lini akiache.